Mume wangu amenyimwa fidia ya maradhi ya vita, na ushahidi uko kwenye madaftari yangu

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Naomba usinitaje kwa jina wala usitaje mji ninaoishi, kwa sababu sisi Wakenya wa hapa Texas tunajuana kwa kanisa, kwa chama na kwa harambee, na mume wangu akigundua kwamba nimeandika haya ataona nimemvua nguo mbele ya watu.

Tulikua sote Molo. Alikuwa mvulana wa kwaya, mcheshi, na mwenye usingizi wa ajabu: aliweza kulala ndani ya matatu yenye muziki mkubwa kutoka Nakuru hadi nyumbani, mpaka utingo amtikise bega. Alikuja Marekani mwaka wa 2006 kusoma, karo ikamshinda, na mwaka wa 2009 akajiunga na jeshi la nchi kavu kupitia mpango uliowapokea wageni wanaojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwa mojawapo. Uraia aliupata akiwa jeshini. Kati ya mwaka wa 2010 na 2011 alikuwa Iraq, katika kambi ya Balad, akiendesha malori ya mizigo. Alitoka jeshini mwaka wa 2013, tukafunga ndoa mwaka uliofuata, nami nikamfuata huku mwaka wa 2015 nikidhani nakuja kuishi na yule kijana wa kwenye matatu.

Niliyemkuta halali. Hutandika mkeka koridoni, akaelekeza uso mlangoni, na viatu vyake huviweka karibu na kichwa vikiwa vimelegezwa kamba tayari kuvaliwa. Tarehe 4 Julai, watu wanaporusha fataki, hujifungia bafuni na kufungulia maji mpaka kelele ziishe. Akinusa plastiki inayoungua, siku hiyo hali chakula.

Mwaka wa 2017, kifungua mimba wetu akiwa bado mchanga, nilianza kuandika usiku wake katika daftari la kurasa 96 nililokuwa nimekuja nalo kutoka nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiuliza kama mimi ndiye ninayeota. Huandika kwa ufupi. Nakunakilia sehemu moja: "Alhamisi. Saa nane usiku. Amekagua milango mara tatu. Amemwita mtu nisiyemjua. Ijumaa. Amelala kwa saa mbili tu. Jumamosi. Hajalala. Jumapili. Tumeenda kanisani, ameimba vizuri." Sasa yamefika madaftari matatu, na nimeyaficha jikoni nyuma ya mifuko ya unga.

Mwaka wa 2021 rafiki aliyetumika naye alimshawishi aombe fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi kwa Idara ya Maveterani, ile ya serikali inayowahudumia wanajeshi wastaafu. Aliombea mambo matatu: mlio wa masikioni, goti, na maradhi ya kiwewe ambayo hapa kila mtu huyaita PTSD. Kwa masikio alipewa asilimia 10 ya ulemavu. Goti na kiwewe vilikataliwa, akakata rufaa mwaka wa 2022, akasubiri, akasikilizwa na jaji kwa njia ya video, na sasa uamuzi umekuja, kurasa 11. Goti limerudishwa ili apimwe upya. Kiwewe kimekataliwa tena. Alisoma ukurasa wa kwanza tu, akaikunja barua, akaiweka ndani ya Biblia na kusema, "Wameniita mwongo. Siombi tena."

Mimi nilizisoma kurasa zote usiku kwa mwanga wa simu. Katika ukurasa wa tano jaji anaandika kwamba anakubali kuwa kambi ilishambuliwa kwa makombora mume wangu akiwa pale. Tatizo liko ukurasa wa saba: mtaalamu aliyempima hakuona ugonjwa wowote. Alipoulizwa kuhusu usingizi, mume wangu alijibu kwamba analala vizuri. Alipoulizwa kuhusu familia, alijibu kwamba yuko sawa, anamshukuru Mungu. Mshauri, mtu huyo asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameamkia koridoni.

Mwakilishi anayetusaidia bila malipo, mzee mmoja aliyepigana Vietnam, aliniambia faraghani, "Shahidi wa usiku wake ni wewe peke yako." Akanieleza kwamba tuna siku 120 za kwenda mahakamani. Zimebaki 47. Nilipomwambia mume wangu kwamba niko tayari kutoa ushahidi, hakupaza sauti. Alisema, "Ya nyumbani hayatoki nje. Ukiniandika kichaa, lori nitaliendeshaje? Na mama akisikia?" Mama mkwe naye husema kwamba kuomba pesa za ugonjwa ukiwa na mikono miwili na miguu miwili ni kujiitia mkosi.

Kuna ukurasa mmoja ambao sijamwonyesha mtu. Mwezi wa Februari nilimgusa bega akiwa usingizini ili nimfunike, akanikaba shingo. Ilikuwa kwa muda mfupi, na alipozinduka alilia mpaka alfajiri. Jumapili nilivaa skafu kanisani. Yeye anadhani nimesahau. Bastola yake iko kwenye droo ya kando ya kitanda.

Nikipeleka madaftari bila yeye kujua, huenda akapata haki yake nami nikampoteza yeye. Nikinyamaza, siku 47 zitakwisha. Juzi mtoto wetu mkubwa aliniuliza kwa nini baba hulala mlangoni kama askari wa zamu. Nifanyeje?

Mama Wawili, Texas

JIBU

Mpendwa Mama Wawili,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye ule mstari wa Jumapili: "ameimba vizuri." Mtu anayekusanya makosa ya mumewe asingeandika mstari huo. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, nakuomba usiyaone madaftari yako kama mashtaka. Umekesha na mgonjwa kwa miaka minane na kumwandikia hali yake, kama muuguzi anavyoandika kwenye kadi iliyotundikwa mguuni pa kitanda.

Kama nimekuelewa, unaniuliza maswali mawili yaliyosukwa pamoja. La kwanza ni la sheria: je, ushahidi wako unaweza kuubadilisha uamuzi wa rufaa? La pili ni la ndoa: je, una ruhusa ya kuutoa? Lakini kuna la tatu ambalo hukuliuliza, ukaliweka mwisho wa barua kana kwamba ni dogo, nami nitaanza na hilo.

Aliyekukaba shingo alikuwa usingizini, na machozi yake mpaka alfajiri yanaonyesha jinsi alivyojiogopa. Naamini hivyo kama unavyoamini wewe. Hata hivyo mkono ulioshika shingo usiku mmoja unaweza kushika kitu kingine usiku mwingine, na ndani ya droo kuna bastola. Jambo hili halingoji rufaa. Bastola inaweza kufungiwa kwenye sanduku lenye kufuli, risasi zikawekwa mahali pengine; hospitali za Idara ya Maveterani hutoa kufuli za silaha bure, bila kujali kama madai yamekubaliwa au yamekataliwa. Ukihitaji kumwamsha, mwite kwa jina ukiwa mbali badala ya kumgusa. Na ukifika usiku wa hofu, yake au yako, simu ya 988 ukibonyeza 1 hupokewa saa zote na watu waliofunzwa kuzungumza na wanajeshi wastaafu na jamaa zao. Wewe pia unaruhusiwa kuipiga. Ikiwa kuna siku alikushika akiwa macho, tafadhali niandikie tena, kwa sababu ushauri wangu utabadilika.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Mumeo anasema ameitwa mwongo. Wewe umesoma kurasa zote 11, na ninadhani umeona jambo ambalo yeye hajaliona. Katika madai ya namna hii hutafutwa vitu vitatu: ugonjwa uliopo sasa, tukio lililotokea wakati wa utumishi, na kamba inayounganisha viwili hivyo. Kwa kiwewe cha vita, tukio ndilo lililokuwa likiwaangusha wengi, kwa kuwa askari alitakiwa alete karatasi ya kuthibitisha kombora lililoanguka usiku fulani karibu na hema lake. Tangu Julai 2010 kanuni ililegezwa: aliyekuwa mahali pa kuogopa mashambulizi ya adui anaweza kuaminiwa kwa maneno yake mwenyewe, mradi yanalingana na mahali na mazingira ya utumishi wake, na mtaalamu wa Idara akubali kwamba hofu hiyo inatosha kuzaa ugonjwa. Balad ilirushiwa makombora mara nyingi kiasi kwamba askari wenyewe waliibandika jina la utani kwa ajili hiyo. Na jaji, kwa maelezo yako, alimwamini. Kilichopungua katika faili ni kile cha kwanza, yaani jina la ugonjwa lililoandikwa na mtaalamu. Mtu aliyeaminiwa kuhusu vita anatembea akidhani ametukanwa, kwa kuwa barua yake imekunjwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Na kwa nini jina hilo halikuandikwa? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo penye kiini. Fikiria jinsi lugha yetu ilivyotulea. Tukiulizwa hujambo tunajibu sijambo, hata kama jambo lipo na limekaa kifuani. Anayetoka kumzika nduguye akiulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri" kwanza, akasita, ndipo akasema "ila". Aliyelelewa kwetu huisubiri ile "ila". Mtaalamu aliyempima mumeo aliuliza, akajibiwa kwamba analala vizuri na yuko sawa, akaandika hivyo hivyo na kufungua ukurasa mwingine, maana alikolelewa yeye jibu la kwanza ndilo jibu. Mumeo alidhani anajibu salamu. Alifanya adabu mbele ya mtu anayemheshimu, akamshukuru Mungu kama alivyofundishwa Molo, na adabu hiyo ikaingia kwenye faili kama ushahidi dhidi yake. Sijui kama aliwahi kuelezwa hivi. Mwanamume anayeona haya kwa kukataliwa anaweza kupumua akigundua kwamba hakuna aliyemwona mwongo, na kwamba maneno yake yalichukuliwa jinsi yalivyo, si jinsi alivyokusudia.

Jambo hili lina faida ya karibu pia. Goti limerudishwa, na kurudishwa ni tofauti na kukataliwa: jaji ameagiza apimwe upya. Ataitwa tena mbele ya mtaalamu. Akiulizwa goti linaendeleaje, akasema "niko sawa", yatajirudia yale yale. Mwombe aeleze siku yake mbaya, ngazi anazoshindwa kupanda, na saa anazoweza kukaa nyuma ya usukani kabla goti halijaanza kuuma.

Kuhusu siku 47, nadhani zimekubana mahali ambapo hazikupaswa kukubana. Siku 120 ni za kupeleka notisi kwenye Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1988. Mahakama hiyo huangalia tu kumbukumbu zilizokuwa mbele ya Bodi ya Rufaa, yaani ile ya jaji aliyemsikiliza mumeo, wakati ikiamua. Haipokei ushahidi mpya. Hata ungeyapeleka madaftari yote matatu kesho asubuhi, hayangefunguliwa pale. Kinachoulizwa mahakamani ni kama Bodi ilikosea katika sheria au ilishindwa kueleza sababu zake ipasavyo. Kwa hiyo ningependa kujua mumeo alisema nini kwenye ile video na jaji. Kama mbele ya jaji alieleza mkeka na koridoni, na uamuzi haukuyagusa maneno hayo, wakili anaweza kuona kitu hapo. Kama alirudia kwamba yuko sawa, njia hiyo ina mwanga mdogo. Maandishi ya kikao hicho yamo kwenye faili na ana haki ya kupewa nakala. Mawakili wengi wa mahakama hiyo hawadai malipo mwanzoni, kwa kuwa ipo sheria inayoweza kuilazimu serikali kuwalipa mteja wao akishinda, na ni vyema mmoja auone uamuzi kabla siku hazijaisha, hata kama hatimaye mtaamua kutokwenda.

Njia inayoweza kupokea sauti yako ni nyingine. Tangu Februari 2019, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka wa 2017, mtu aliyekataliwa na Bodi anaweza kuwasilisha dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusika. Akifanya hivyo ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya uamuzi, hulinda tarehe ya dai lake la kwanza, na fidia ikikubaliwa huenda ikahesabiwa kurudi nyuma hadi mwaka wa 2021. Mwaka ukipita bado anaweza kuomba, ila hesabu itaanza upya. Mnao muda mrefu kuliko siku 47, ingawa mlango wa mahakama utakuwa umefungwa.

Lakini niulize kwa upole: je, una hakika kwamba madaftari ndiyo yaliyopungua? Mke anaaminika anaposema alichokiona na kukisikia, saa ngapi, mara ngapi, tangu lini. Sheria inamruhusu, na ukimya wa kumbukumbu za hospitali peke yake hautoshi kumfanya asiaminike. Hata hivyo hawezi kuupa ugonjwa jina, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mtaalamu, na jina ndilo lililokosekana. Madaftari bila daktari yanaweza kukataliwa kwa sababu ile ile ya ukurasa wa saba. Daktari mwenye madaftari mbele yake ana kitu ambacho yule wa kwanza hakuwa nacho. Huenda basi safari ya kwanza ya maandishi yako ikawa kwenye chumba cha matibabu, na mambo ya faili yakafuata au yasifuate.

Kuna mahali ambapo mumeo anaweza kuanzia bila kuhisi kwamba anafungua kesi. Vituo vya ushauri vinavyoitwa Vet Center vilianzishwa mwaka wa 1979 kwa ajili ya waliotoka Vietnam, na leo viko zaidi ya 300. Aliyetumika katika eneo la vita hupokelewa bure, na mke na watoto hupokelewa pia pale inapomsaidia yeye kurudi katika maisha ya kawaida. Kumbukumbu zake huwekwa kando na hazitolewi kwa ofisi nyingine bila yeye kuridhia kwa maandishi. Wengi wa washauri wake wamewahi kuwa askari. Mwanamume anayesema ya nyumbani hayatoki nje anaweza kukubali kukaa na mtu ambaye naye alilala kambini.

Kuhusu kupeleka madaftari kwa siri, sitakukataza wala kukuruhusu, ila nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda. Dai ni lake, na saini inayotakiwa ni yake au ya mwakilishi aliyempa idhini. Faili ni lake vilevile, na barua ya uamuzi hutaja ushahidi uliotumika. Siri hiyo ingemfikia siku ambayo bahasha ingefika, na angeisoma akiwa peke yake. Hilo, nahofia, ndilo lingemvua nguo kuliko ushahidi wenyewe.

Baina ya kupeleka yote na kunyamaza pana nafasi kubwa. Hakuna anayedai kurasa zote. Idara ina fomu ya ushahidi wa mtu wa kawaida, ambayo mtoaji huthibitisha kwa saini kwamba anayosema ni kweli, na ukurasa mmoja unaweza kutosha: mkeka, milango, fataki, saa za usingizi kwa wiki moja ya kawaida. Usiku wa Februari mnaweza kukubaliana kuutaja au kuuacha. Kuutaja kunaonyesha uzito wa hali, na asilimia za kiwewe hupimwa kwa jinsi ugonjwa unavyoharibu kazi na mahusiano. Kuuacha kunamwachia faragha, na hakuna uongo katika ukurasa usiodai kusema kila kitu, ingawa kwa daktari ningetamani usiku huo usifichwe. Na si kweli kabisa kwamba shahidi ni wewe peke yako. Yule rafiki aliyemshawishi mwaka wa 2021 anajua ya Balad. Na mama mkwe, ambaye unamwona kama kizuizi, ndiye anayejua kuliko wote jinsi mtoto wake alivyokuwa akilala. Sisemi mumwombe. Najiuliza tu kama amewahi kuulizwa kitu kingine zaidi ya mikono na miguu.

Hofu ya mumeo kuhusu watu ina sehemu ya kweli na sehemu isiyo na msingi. Maamuzi ya Bodi huchapishwa hadharani yakiwa yameondolewa majina, kwa hiyo hakuna jirani wa kanisani atakayemkuta humo. Kesi ya mahakamani, kinyume chake, kwa kawaida hubeba jina la ukoo la aliyeifungua. Hilo alijue kabla ya kuamua. Kuhusu lori, asidanganywe na mtu kwamba hakuna hatari. Uchunguzi wa afya wa madereva wa malori makubwa huuliza kuhusu afya ya akili, na atapaswa kujibu kweli. Kuwa na ugonjwa huo peke yake hakumwondoi mtu barabarani moja kwa moja, lakini dawa na dalili huangaliwa, na ni haki yake kupata maelezo kamili kabla ya kusaini chochote. Ningeongeza tu kwamba dereva aliyelala kwa saa mbili tu tayari yuko barabarani na hatari hiyo.

Halafu lipo neno lenyewe, kichaa. Fidia hii hulipwa kwa madhara yaliyotokana na utumishi, iwe ni sikio, goti au usingizi. Sheria haipangi daraja la heshima kati yao. Mumeo amekubali asilimia 10 ya masikio bila kuona haya, na mlio ule na ukeshaji huu huenda vilianza katika kambi moja. Kuanzia asilimia 30 huongezwa kitu kwa ajili ya mke na watoto, kwa hiyo sheria yenyewe inawahesabu watu wa nyumbani kwake.

Inawezekana pia kwamba, baada ya kujua yote haya, atasema hataki kuendelea. Njia hiyo ina gharama: ile tarehe ya 2021, na pesa ambazo zingewasomesha watoto. Ina unafuu pia, maana kuna watu ambao kila bahasha ya Idara huwarudisha Balad. Ningekuomba utenganishe vitu viwili tu. Kuacha madai ni uamuzi wake. Kuacha matibabu kunakugusa wewe na watoto wawili, na hapo unayo haki ya kusema unachokihitaji ili uweze kulala ndani ya nyumba hiyo.

Hukuniuliza namna ya kuanza, lakini nimefikiria ile barua iliyomo ndani ya Biblia. Unaweza kumwomba ruhusa uifungue mkiwa wawili, watoto wakiwa wamelala, na umsomee ukurasa wa tano peke yake, kwa Kiswahili, polepole, yale maneno ya jaji kwamba makombora yalianguka na kwamba yeye alikuwepo. Kisha nyamaza. Usitaje daftari usiku huo. Akisema "sawa", msubirie ile "ila". Nawe uniandikie ilikuwaje.

Wako,
Mshauri